Kiti Kimefungiwa Kwenye Buti

Siku ya kufungua duka lake, Mkasi alivaa gauni alilolishona mwenyewe, la bluu iliyokolea, lisilo na mikono. Mama yake alilitazama, akamuuliza kama hataona baridi. Mkasi akamjibu kwamba baridi na ije tu, mabega yake leo yana kazi ya kuonekana. Alikuwa akiyaringia mabega yale, na alikuwa na haki. Ugonjwa wa utotoni ulimwachia miguu isiyoweza kumbeba, basi mikono ikashika zamu zote. Kwa mikono hiyo alisukuma kiti chake cha magurudumu, alipanda na kushuka kitandani, alikata vitambaa, aliendesha gari. Ukipeana naye mkono ulijua umeshikwa.

Jina la Mkasi alipewa kwenye karakana ya ushonaji alikofanya kazi kabla ya kuamua kujitegemea. Wengine walisema ni kwa jinsi alivyokata kitambaa bila hata kukichora. Wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi wake. Mwenyewe aliulizwa, akasema wote wako sahihi, na asiyependa sababu ya pili akae mbali.

Gari lake lilikuwa jeusi, la kifahari enzi zake, ambalo tajiri wa kwanza alilichoka akaliuza. Fundi mmoja alilifungia mkono wa chuma kando ya usukani: ukiuvuta gari linaenda, ukiusukuma linasimama. Tangu alipolipata, Mkasi alikuwa mtu mwingine. Alikwenda alikotaka, akarudi alipotaka, na mara nyingine alizunguka mji mzima bila sababu yoyote, ati anatafuta vifungo.

Mtu mmoja tu hakulipenda gari hilo. Kaka yake.

Huyu kaka hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Walipokuwa wadogo yeye ndiye aliyekuwa miguu ya dada yake. Alimbeba mgongoni kwenda shule na kumrudisha, jua likiwaka au mvua ikinyesha, na watoto waliothubutu kucheka waliijua ngumi yake. Mtaa mzima ulimsifu. Wazazi wa wenzake walimtolea mfano. Ila hakuna aliyewahi kumuuliza yule aliyekuwa mgongoni anaonaje mambo kutoka huko juu.

Na huko juu mambo hayakuwa matamu kiasi hicho. Kaka alipochoka, Mkasi alikuwa amefika. Kaka alipoona njaa, Mkasi aliondoka mchezoni. Kwenye harusi ya binamu yao, wakati wote wawili walikuwa watu wazima kabisa, kaka alimbeba mikononi mbele ya wageni wote, akampachika kwenye kiti nyuma ya nguzo, akamwambia, "Nakuja sasa hivi," kisha akapotelea kwenye muziki. Mkasi aliitazama nguzo ile mpaka akaijua kila ufa. Baadaye rafiki yake wa shule akamwona, akavuta kiti, wakaanza mazungumzo ya maana hasa. Ndipo kaka akatokea, jasho linamtiririka. "Haya, twende, mvua inakuja." Akamnyanyua katikati ya sentensi. Maneno ya Mkasi yakabaki pale kwenye meza na yeye akaenda zake juu ya mikono ya mtu, kama mzigo uliosahauliwa ukakumbukwa.

Siku hiyo hakulia. Alipofika nyumbani alimwambia mama yake, "Sibebwi tena." Mama alidhani ni hasira za siku moja.

Basi, asubuhi ile ya kufungua duka, gari lilijaa kama lori la kuhamisha vyombo. Kiti cha mbele cha abiria kilikaliwa na sanamu la kuvalishia nguo, limefungwa mkanda vizuri, halina kichwa. Kiti cha nyuma kilijaa majora ya vitambaa mpaka karibu na paa. Kwa kawaida Mkasi alikikunja kiti chake cha magurudumu mwenyewe, akakivuta ndani na kukilaza pembeni yake, akafunga mlango na safari ikaanza. Leo hapakuwa na nafasi hata ya mwavuli. Mdogo wake wa kike akakichukua kile kiti akakitia kwenye buti.

"Ukifika mwambie mlinzi akutolee," alisema.

"Haina neno," Mkasi akajibu. Na kweli, wakati ule haikuwa na neno.

Duka lilikuwa kwenye safu ya maduka iliyotazama barabara, na nyuma yake kulikuwa na uwanja wa kuegesha magari. Mkasi aliingia uwanjani taa zikiwaka kwa sababu ya manyunyu ya njiani, akaegesha karibu kabisa na mlango wake wa nyuma. Mlango ulikuwa na mteremko wa saruji, mpya, aliomwomba mwashi autengeneze kabla ya kukubali kupanga. Mlinzi mwenye funguo hakuwa ameonekana. Mkasi akazima injini, akaacha redio inaimba na feni inapuliza, na taa akazisahau. Akawa anautazama mlango wake. Aliutazama kwa raha, kama mtu anayemtazama mtoto wake amelala.

Betri ya gari lile ilikuwa imekohoa wiki nzima. Aliisikia, akasema ataishughulikia akishafungua duka. Betri haikungoja. Mtangazaji wa redio alikuwa anawatakia wasikilizaji asubuhi nje— na hapo hapo akanyamaza. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama.

Mkasi alizungusha ufunguo. Tk. Akazungusha tena. Hata hiyo tk haikuja.

"Usinifanyie hivyo," aliuambia usukani. "Si leo."

Akabonyeza kitufe cha kufungulia buti. Kimya. Akabonyeza rimoti. Kimya. Hapo ndipo hesabu ya mambo ilipomjia yote kwa pamoja. Buti la gari lile halikuwa na tundu la ufunguo. Lilifunguka kwa umeme tu. Umeme ulitoka kwenye betri. Betri yenyewe ilikaa kwenye buti, chini ya zulia, ndivyo gari lilivyotengenezwa. Waya za kubustia betri kwa umeme wa gari jingine alizonunua kwa ajili ya siku kama hii alikuwa amezihifadhi vizuri sana, tena kwenye mfuko wake. Kwenye buti. Na kiti chake cha magurudumu kilikuwa hapo hapo juu ya vyote hivyo, kimestarehe.

Mkasi akacheka. Alicheka peke yake na lile sanamu lisilo na kichwa, kwa sababu la pili lilikuwa kulia, na gauni lilikuwa jipya.

Kisha akafungua mlango wa gari kwa mkono, akavuta pumzi, akapiga mluzi.

Mlinzi alikuja mbio, funguo zinagongana kiunoni. Alikuwa mzee mwembamba mwenye heshima nyingi. Alisikiliza, akazunguka nyuma ya gari, akalivuta buti, akalisukuma, akaligonga kwa kiganja, akarudi.

"Limegoma, dada."

"Naona."

"Sasa si neno. Duka hili hapa, hatua chache tu. Wewe mwepesi. Nakubeba mara moja, nakuweka ndani, mambo mengine yatafuata."

"Asante, mzee wangu. Hapana."

Mlinzi alidhani hakusikia vizuri. "Nasema nitakubeba."

"Na mimi nasema hapana. Nitaingia dukani kwangu kwa kiti changu."

Muuza viatu wa duka la jirani alikuwa ameshatoka kuangalia, na kama kawaida ya watu wa maduka, alikuwa ameshapata jibu kabla ya kuuliza swali. Alikuja amebeba kiti cha plastiki. "Akae hapa, sisi wawili tushike huku na huku, tunampeleka kama malkia."

"Malkia anakwenda anakotaka," Mkasi akasema. "Rudisha kiti chako, jirani. Nitakuja kukikalia siku nikija kukutembelea."

"Basi tulivunje buti. Nina mtaimbo ndani."

"Gusa gari langu na mtaimbo, nitakushonea suruali yenye mguu mmoja."

Muuza viatu akacheka, akarudisha mtaimbo wake moyoni. Lakini hakuondoka. Na wengine wakaongezeka: dereva wa teksi aliyekuwa anaosha gari lake, wanawake wawili waliokuwa wanapita, mtu mmoja ambaye hakuna aliyejua ametoka wapi. Kila mmoja alikuwa na maoni, na maoni yote yalikuwa na mikono ya kumbebea. Walikuwa wema, wote. Mkasi aliwashukuru mmoja mmoja na kuwakatalia mmoja mmoja, mpaka mdomo ukamkauka.

Dereva wa teksi ndiye aliyekuwa na la maana. Alifungua boneti akatazama. Alisema magari mengine ya namna hii huwa na mahali pa kuingizia umeme huku mbele, lakini hili fundi aliyelichezea zamani alikata waya ya hapo akaifunga kwa gundi. "Huku mbele hakuna kitu, dada. Njia ni kule nyuma tu."

"Nimekuelewa. Usiondoke."

"Nipo."

Wakati huo mlinzi alikuwa amesogea pembeni na simu sikioni. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetenda jema.

"Usijali tena, dada. Nimempigia kaka yako. Anakuja na pikipiki sasa hivi."

Mkasi alimkazia macho. "Namba ya kaka yangu umeitoa wapi?"

"Aliniachia mwenyewe. Alikuja juzi kulikagua duka. Akasema likitokea lolote juu yako nimpigie yeye."

"Alikuja kulikagua duka langu?"

Mlinzi akaona maji yamezidi unga. "Alisema ni kawaida..."

"Mzee, mimi ndiye mpangaji hapa. Likitokea lolote juu yangu, niambie mimi." Alisema kwa sauti ya chini, lakini muuza viatu alirudi nyuma hatua moja.

Basi akajua ana muda mfupi. Kaka akifika hataomba ruhusa. Atafungua mlango, atasema "Haya, twende," na mikono itapita chini ya magoti kama ilivyozoea. Na watu hawa wote watapiga makofi.

Ndipo mteja wa kwanza alipofika. Alikuwa muuguzi, mama mpana mwenye viatu vya kazini, amebana chini ya kwapa kifurushi cha kitambaa. Alisoma kibao kipya juu ya mlango uliofungwa, akautazama umati, akaja.

"Fundi ni nani hapa?"

"Mimi."

"Mbona umekaa kwenye gari?"

Watu watano walimweleza kwa mpigo. Muuguzi alisikiliza, akakunja mikono ya shati. "Kumbe ni hilo tu? Mimi nanyanyua wagonjwa kila siku ya Mungu. Nitakushika kitaalamu, hata hutasikia."

"Mimi si mgonjwa, mama," Mkasi akasema. "Una kitambaa gani hapo?"

Muuguzi akateremsha mikono ya shati. Kisha akafungua kifurushi. Kitambaa kilikuwa cha maua madogo meupe kwenye kijani. Mkasi akakipitisha katikati ya vidole, akakivuta kidogo, akakinusa.

"Kizuri. Kitapungua kidogo kikifuliwa, kwa hiyo nitakiloweka kwanza. Unataka gauni la kwenda wapi?"

"Binti yangu anahitimu. Nataka watu wasiniulize mimi ni mama wa nani, waone tu."

"Sogea hapa mlangoni. Geuka."

Akaivua tepu ya kupimia shingoni mwake, akageuza mwili mzima pale kitini kuelekea nje, akampima muuguzi pale pale, kifua, kiuno, nyonga, bega. Kila kipimo alikisema kwa sauti na kukiandika kwa chaki kwenye dashibodi. Muuguzi aliinua mikono alipoambiwa inua, akashusha alipoambiwa shusha. Kwa muda mfupi hapakuwa na mtu aliyekwama. Palikuwa na fundi na mteja, na wengine wote walikuwa watu waliosimama kwenye duka la watu bila kununua kitu.

"Nyie mnapimwa au mnapita?" Mkasi aliwauliza. Mwanamke mmoja kati ya wale wawili waliokuwa wanapita akasema ana sketi ya kubana, kama inawezekana.

"Inawezekana. Ngoja nitoke."

Pikipiki ya kukodi iliingia uwanjani kwa kishindo. Kaka alishuka kabla haijasimama sawasawa. Alikuwa na nguo za kazini, vumbi la mbao kwenye nywele, kwa kuwa alikuwa seremala, na uso wa mtu aliyekuja akifikiria mabaya njia nzima.

"Pisheni, pisheni. Uko salama? Umeumia?"

"Sijaumia. Betri imekufa."

"Nilisema! Si nilisema? Haya, twende." Akainama, mkono mmoja ukapita nyuma ya mgongo wake na mwingine ukashuka magotini.

"Usiniguse."

Mikono ikasimama.

"Nini?"

"Nimesema usiniguse, kaka."

Kaka alitazama kulia na kushoto. Watu wote waliokuwa uwanjani waligundua ghafla kwamba viatu vyao vinahitaji kutazamwa. Akashusha sauti. "Usinidhalilishe mbele za watu. Nimeacha kazi, nimeacha mteja amesimama. Nakutoa, nakuweka ndani, imekwisha. Shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Nimekubeba tangu ukiwa na meno ya utoto. Nani mwingine alikubeba? Sema. Mgongo huu ukiinama usiku unalia, na sijawahi kukulalamikia."

"Najua."

"Nilikubeba kwa sababu nakupenda."

"Hilo nalo najua. Hakuna siku nimelisahau." Mkasi alishika ukingo wa mlango. "Lakini mpaka leo hujaniteremsha. Nina kazi yangu, nina gari, nina duka, na wewe bado unatembea na mimi mgongoni. Unakuja kukagua duka langu nyuma yangu. Unaacha namba yako kwa mlinzi wangu. Sasa nakuomba kitu kimoja. Niteremshe, kaka."

Kaka alisimama wima, mikono inaning'inia pembeni kana kwamba haijui iende wapi. Alikuwa mtu mkubwa, na kwa mara ya kwanza Mkasi aliona jinsi alivyozeeka kwenye macho. Ilimuuma. Hata hivyo hakurudisha neno hata moja.

"Basi nifanye nini?" hatimaye kaka akauliza. Aliuliza kwa hasira, lakini aliuliza.

"Toa majora yote kiti cha nyuma. Usiyaburuze chini."

Kaka akafungua mlango wa nyuma, akaanza kutoa vitambaa. Muuguzi akapokea jora la kwanza, muuza viatu la pili, likafuata la tatu, mpaka umati mzima ukawa umekumbatia vitambaa kama wageni wa sherehe wenye zawadi. Hata yule mtu asiyejulikana alikotoka alipewa jora la hariri.

Mkasi akaegemeza kiti cha dereva nyuma mpaka kikalala. Akashika vyuma vya viegemeo vya vichwa, akajivuta. Mabega yakafanya kazi yake. Alipita kati ya viti viwili kwa tumbo, miguu ikifuata nyuma polepole, kiatu kimoja kikanasa kwenye ule mkono wa chuma wa usukani. Mlinzi alinyoosha mkono kusaidia, na muuguzi akampiga kibega. "Mwache. Amekwambia anataka msaada?"

Mkasi akakivua kiatu kwa kukitikisa, akaendelea. Mshono wa gauni ulilia ubavuni, krrr. Akautukana. Akafika kiti cha nyuma anahema, nywele zimemwagika usoni, magoti yamepakwa vumbi. Katikati ya kiti kile kulikuwa na egemeo la mkono. Aliliteremsha, na nyuma yake kulikuwa na kijimlango cha plastiki cha kupitishia vitu virefu. Alikuwa amewahi kukiona siku moja alipodondosha pini. Akakisukuma. Kikafunguka, na nyuma yake kukawa na giza la buti.

"Kaka, tochi ya simu. Imulike kutokea begani kwangu. Usinisukume."

Kaka akapiga magoti mlangoni, akamulika.

Aliingiza mkono mpaka kwapani. Vidole viligusa mpira wa gurudumu la kiti chake. Kilikuwa pale pale, karibu kama mtu aliye chumba cha pili. Lakini hakikuweza kupita kwenye tundu lile. Alichokuwa anakitafuta ni kifaa kingine. Juu kabisa, kwenye mfuniko wa buti kwa ndani, mwanga wa simu ulionyesha kijikamba kifupi cha manjano kilichoning'inia karibu na komeo.

"Ukikivuta kile, linafunguka," dereva wa teksi akasema kwa nyuma, akichungulia kioo. "Ila kiko mbali."

Kilikuwa mbali kweli. Mkono wake wote ulifika nusu ya njia.

"Mpe kaka mwenye mikono mirefu," muuza viatu akashauri.

Kaka alimtazama dada yake. Mkono wake ulikuwa mrefu zaidi, kila mtu aliona. Lakini bega la seremala lingekwama kwenye kijitundu kile kama gogo mlangoni, na hilo nalo kila mtu aliliona. Kaka aliendelea kumulika.

"Henga," Mkasi akasema. "Kwenye mfuko mwekundu chini ya miguu ya sanamu kuna henga za waya za kutundikia nguo. Nipeni moja."

Aliinyoosha kwa meno na mikono, akaipinda ncha ikawa ndoana. Akairudisha gizani. Mara ya kwanza ikagonga chuma. Mara ya pili ikakigusa kijikamba kikabembea, na watu waliokuwa wakichungulia wakasema "Aa!" kama wako uwanja wa mpira. Jasho lilimwingia machoni. Kaka alimsikia anapumua kwa shida.

"Pumzika kidogo," alisema taratibu.

"Mulika juu zaidi."

Akamulika juu zaidi. Ndoana ikapanda, ikapapasa, ikashika. Mkasi akaivuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na komeo likasema ka! Buti likapanda taratibu, na mwanga wa mchana ukamwingia usoni kupitia tundu lile.

Kelele zilizopigwa pale ziliwatoa watu kwenye maduka ya mbele. Mlinzi alikuwa anaruka na funguo zake. Muuguzi alipiga vigelegele, jora la kitambaa likiwa bado kifuani. Mkasi alilaza shavu kwenye kiti cha gari, akafumba macho, akabaki hivyo. Hakutaka mtu amwone uso wakati ule.

Alipofumbua, kaka alikuwa ameshazunguka nyuma. Alikitoa kiti cha magurudumu, akakikunjua, akakileta mpaka mlangoni. Akakishikilia kisiteleze. Akaziweka breki. Kisha akafanya jambo ambalo Mkasi hakuwahi kumwona akilifanya: akarudi nyuma na kutia mikono mfukoni.

Mkasi akajivuta, akajinyanyua, akajigeuza, akatua kitini. Gauni lilikuwa limefumuka ubavuni, goti moja jeusi kwa grisi, mguu mmoja hauna kiatu. Akaupanda mteremko wake wa saruji kwa misukumo michache, akampokonya mlinzi funguo kwa adabu, akafungua mlango wa duka lake kwa mkono wake.

"Karibuni," akasema. "Vitambaa wekeni juu ya meza. Jirani, hiyo hariri usiifinye hivyo, si kuku. Mwenye sketi ya kubana, wewe wa kwanza."

Siku ile ilipita haraka. Dereva wa teksi alijaribu kuibusti betri kwa zile waya zilizokuwa zimejificha, na betri ikakataa katakata; ilikuwa imekufa kifo cha kweli. Mkasi akatoa pesa kwenye mkoba wake, akamwomba kaka akanunue nyingine. Aliomba. Kaka alizipokea bila kubishana, na hilo kwake lilikuwa jambo gumu kuliko kubeba. Alirudi na betri mpya, akavua shati, wakaifunga pamoja, kaka akikaza nati na Mkasi akiwa pembeni na kiti chake anamwambia waya ile ni nyekundu, hiyo ni nyeusi, na kaka anasema anajua rangi.

Jioni, mteja wa mwisho alipoondoka, kaka alikuwa bado yupo. Alikuwa amerekebisha rafu mbili zilizopinda, baada ya kuuliza. Sanamu lilisimama dirishani na kitambaa cha muuguzi begani. Mkasi alikunja kiti chake, akakivuta ndani ya gari, akakitupa nyuma palipokuwa na majora. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa wazi.

"Utarudije?" alimuuliza kaka yake.

"Nitachukua pikipiki."

"Panda."

Kaka alisita. Hakuwahi kupanda gari lile hata siku moja. Aliingia kama mtu anayeingia maji asiyoyajua kina chake, akakaa, akatafuta pa kuweka magoti.

"Mkanda."

Akafunga mkanda. Gari likawaka kwa jaribio la kwanza, likanguruma vizuri, na Mkasi akauvuta mkono wa chuma. Wakatoka uwanjani. Kaka alishika kishikio cha juu ya dirisha kwa mikono yote miwili na kukanyaga breki ambayo haikuwepo.

"Polepole basi."

"Hii ndiyo polepole."

Wakafika njia panda. Mkasi akawasha taa ya kuonyesha anakata kulia.

"Nyumbani ni kushoto," kaka akasema.

"Najua," Mkasi akajibu, akakata kulia.